Mama Rudia, Msikilizaji wa Semina ya Jumatano

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wanafunzi wake mliokwenda kukaa kule nyuma kama ilivyo kawaida yenu, poleni kwa safari na poleni kwa jua hili, familia inaomba msogeleane kidogo ili waliosimama nao wapate kivuli, kisha msikie maisha ya mama yetu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na mtuwie radhi mapema, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyomo humu hayasemwi sana mbele ya jeneza, lakini yeye mwenyewe asingekubali tuyaruke.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa baba aliyekuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho na mama aliyekuwa akishona mashuka nyumbani, na waliokua naye wanasema alikuwa mtoto mpole mwenye macho makubwa, aliyependa kukaa mlangoni akitazama wapita njia, hasemi sana, ila ukianza kumsimulia jambo ni lazima ulimalize.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza darasa la saba Novemba 1971, katika darasa la watoto themanini ambamo dawati la wawili lilikaliwa na wanne, mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?", wote wanajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu," naye akijibu pamoja nao, ingawa mara nyingi, kama alivyowasimulia wanawe baadaye huku akicheka, alikuwa hajaelewa hata kidogo, lakini nani anyooshe mkono peke yake kati ya watoto themanini, aonekane mjinga kwa niaba ya wenzake. Nafasi ya sekondari hakuipata, akabaki nyumbani kumsaidia mama yake kushona, na Februari 1974 akaajiriwa katika kiwanda kilekile alichokuwa akikilinda baba yake, upande wa kufungasha, ambako alifanya kazi miaka kumi na minane hadi kiwanda kilipofungwa, akaondoka na mikono iliyonukia sabuni maisha yake yote, hata wajukuu walikuwa wakimnusa viganja kabla ya kulala.

Hapo kiwandani ndipo alipokutana na marehemu mumewe, fundi seremala aliyeletwa kutengeneza masanduku, ambaye wenzake walimtania kwamba alikuwa akipima sanduku moja mara tatu kwa siku ili tu apite mbele ya meza yake, wakafunga ndoa tarehe 18 Agosti 1978, wakaishi kwa heshima na vicheko miaka ishirini na saba hadi mumewe alipofariki tarehe 2 Novemba 2005. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume, ambaye sasa ni fundi umeme na ndiye mmiliki wa nyumba hii mliyofikia, wa mwisho wa kike, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na kati yao alikuwepo binti aliyefariki tarehe 21 Juni 1988 akiwa na miaka minne.

Kifo cha binti huyo lazima kielezwe, kwa sababu bila hicho mengine hayaeleweki. Mtoto alikuwa na homa iliyokuwa ikimkamata na kumrusha, mama akambeba mgongoni hadi hospitali, na daktari, ambaye marehemu hakuwahi kumsema vibaya, kwani alikuwa na foleni iliyofika nje getini na bado akakumbuka kumpa mtoto peremende, alimweleza pale koridoni kwa maneno marefu na ya haraka kuhusu dawa na kuhusu dalili za hatari, kisha akauliza, "Umeelewa, mama?", naye akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Alipofika nyumbani aligundua ameshika chupa ambayo hajui amnyweshe mtoto mara ngapi wala ni dalili gani ikimtokea mtoto inabidi arudi mbio, siku ya tatu mtoto akafa, na ingawa watu walimwambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa mzito na huenda ingekuwa vilevile, yeye alilizungumza jambo hilo mara moja tu, miaka mingi baadaye, wakati akikunja nepi na mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, akasema, "Mwanangu, sikumuua, najua, lakini nilitikisa kichwa."

Tangu siku hiyo hakutikisa tena kichwa kwa jambo asilolielewa, awe anasema mwenye duka, karani, mhubiri au mumewe, alinyoosha mkono wake wa kulia hadi usawa wa sikio, kama mwanafunzi, akasema, "Hapo umeniacha, rudia," na wapo hapa waliowahi kukasirishwa na mkono huo kwenye foleni ya ofisi ya maji, ila hakuna aliyewahi kuondoka mbele yake bila kuwa amelielewa zaidi jambo alilokuwa akilieleza.

Tarehe 3 Mei 1993 aliajiriwa chuo kikuu kama mhudumu katika jengo la masomo ya juu, akafagia, akadeki, akafuta vioo na kupeleka chai, na mwaka 2001 profesa mmoja wa kike alipoanzisha semina ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu akili, ubongo na tabia, ikakutanisha kila Jumatano saa kumi jioni wa udaktari, wa falsafa, wa saikolojia, wa kompyuta na wa mifugo, marehemu ndiye aliyepangiwa chumba hicho namba kumi na nne, chenye meza ndefu, madirisha mawili na kabati la vitabu kwenye kona. Wanafunzi hao walikuwa wakigombana sana, si kwa ubaya, ila kila mmoja alikuwa na maneno ya idara yake na hakuna aliyemwelewa mwenzake, na Jumatano moja, wawili wakiwa wamesimama wakielekezeana vidole, profesa alimgeukia mama aliyekuwa akikusanya vikombe, akamwuliza, labda kwa utani, "Wewe mama umeelewa nini?", naye akajibu, "Nimeelewa kwamba huyu hajamwelewa yule, na yule hajajielewa mwenyewe," chumba kizima kikacheka, isipokuwa profesa, ambaye alivuta kiti karibu na dirisha na kumwambia akae.

Ndivyo marehemu alivyokuwa Msikilizaji wa semina, cheo ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote ya utumishi lakini wanafunzi walikiogopa kuliko mtihani, kwa sababu sheria ilikuwa kwamba mkono wa mama ukipanda, mzungumzaji anasimama, anarudi hadi pale alipoeleweka mara ya mwisho na kuanza upya, na akimaliza, mama anayasema yale mambo kwa maneno yake mwenyewe mbele ya wote, akiyasema sawasawa ndipo semina inahesabika imefanyika. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Rudia. Kijana mmoja wa falsafa aliwahi kumwambia, "Mama, hili haliwezi kusemwa kwa lugha ya kawaida," naye akamjibu, "Basi hata wewe bado hujalielewa, mwanangu, kunywa chai kwanza, halina haraka," na kijana huyo, ambaye leo ni mhadhiri na amebeba jeneza hili upande wa kulia, anasema aliandika tasnifu yake upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2004 semina ilizungumzia magonjwa ya kusahau, mama akanyoosha mkono mara tisa jioni hiyo, na mwisho, baada ya kuyasema yote kwa maneno yake, aliwaomba kitu kimoja, akasema, "Na mimi siku yangu ikifika, msinifiche, nielezeni mpaka nielewe, sitaki kuondoka nikitikisa kichwa," wakamwahidi, na kila kundi jipya lililoingia lilirithishwa ahadi hiyo pamoja na ufunguo wa chumba.

Alistaafu Machi 2017, lakini Jumatano aliendelea kwenda, akifuatwa na kurudishwa na wanafunzi kwa zamu, na familia haijasahau wema wao, kama yule wa kompyuta aliyekuwa akimwekea simu yake herufi kubwa, au yule binti mkimya wa mifugo, anayesomea tabia za kuku na ambaye wenzake humwita Binti wa Kuku, aliyekuwa akishuka kwanza kwenye gari ili amshike mkono bila kuonekana kwamba anamshika.

Kuanzia tarehe 8 Septemba 2021 mkono ule haukupanda tena kwenye semina. Semina ya kwanza ikapita bila mama kumkatiza mtu, ya pili ikapita, na mwisho, badala ya kuyasema aliyoyasikia, alitabasamu na kusema, "Vizuri, wanangu, leo mmesema vizuri," nao, watu wanaosoma ubongo usiku na mchana, walifurahi, wakaona hatimaye wamejifunza kueleza, profesa akaandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba uwezo wa wanafunzi umepanda, na mwezi Desemba wakamletea mama keki iliyoandikwa kwa sukari, "Hakuna Kurudia", akaikata mwenyewe, akagawa vipande, na akaweka kimoja kwenye kiti kitupu kando ya kabati la vitabu. Wakacheka, wakadhani ni utani wake.

Nyumbani napo mkwewe aliona kikombe kimoja kinazidi kila alasiri, akauliza ni cha nani, akaambiwa, "Cha mgeni, hanywi moto, usikiondoe," na alipouliza mgeni gani, mama alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa habari za jua lililo juu ya kichwa, akasema ni yule anayekaa siku zote ukutani, mtu wa heshima, nguo zake safi, ila uso wake hauonekani vizuri, "kila nikimtazama usoni najikuta natazama mikono." Mkwewe alikiacha kikombe pale, na jioni alipokirudia alikikuta kitupu, akajiambia kwamba mama amekinywa mwenyewe, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

Aliyeutambua ukweli kwanza ni Binti wa Kuku, kwa sababu kazi yake ni kukaa masaa akiangalia kiumbe kisichosema kinaangalia wapi, na aliona kwamba Jumatano baada ya Jumatano macho ya mama hayakuwa kwa mzungumzaji, yalikuwa kwenye kona ya kabati, usawa wa mikono ya mtu aliyekaa. Tarehe 6 Aprili 2022 ilikuwa zamu yake kuzungumza, jua likiwaka dirishani, watu wote wapo, naye akaanza vizuri kuhusu kuku wanavyozitambua nyuso, kisha, bila kubadilisha sauti, akasema kwamba kuku wakishatagwa na mayai huwakumbuka watu ambao bado hawajazaliwa, na kwamba ukimfunga kuku macho ndipo ukuta unapomwona, mmoja akacheka na kukatiza kicheko njiani, profesa akaweka kalamu chini, na mama akatikisa kichwa taratibu kwamba ameelewa, akasema, "Vizuri, mwanangu."

Binti alikwenda akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa upole, "Mama, nimesema nini?", akajibiwa, "Umesema vizuri," akauliza tena, "Nimesema nini, Mama?", naye akageuza macho kwenye kona kama mtoto anayengoja mwenzake amnong'oneze jibu, akasema, "Subiri kidogo, mwanangu, mgeni bado anaongea." Waliokuwemo wanasema hakuna aliyethubutu kutazama kona ile, wala kupita karibu nayo kuchukua mkoba wake, na kilichowauma zaidi, kama walivyokuja kuungama nyumbani, ni kwamba walihesabu na kukuta, ukiondoa za likizo, Jumatano ishirini na tatu walizokuwa wakijipongeza mbele ya mtu aliyekuwa akiwapotea machoni pao.

Tarehe 19 Aprili 2022 alipigwa picha ya ubongo, na daktari akamwita mwanawe mkubwa pembeni, akamweleza kwamba ni ugonjwa unaoula ubongo taratibu, unaomwonyesha mtu watu wasiokuwepo, na hauna dawa ya kuuponya, mwanawe akasikiliza akiwa ameshika mfuko wa matunda, kisha akasema, "Mama asiambiwe," na amri hiyo ikawa ya nyumba nzima. Hakuwa na nia mbaya, yupo hapa na ameruhusu isomwe, alikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka ule dada yake alipokufa, alimwona mama yake alivyokaa miezi bila kuoga, akaapa moyoni kwamba hatakuwa yeye wa kumletea habari nyingine ya namna hiyo.

Basi mama akawa anauliza, "Nina nini mimi?", anaambiwa ni uchovu, kesho anauliza anaambiwa ni presha, ananyoosha mkono na kusema, "Hapo umeniacha, rudia," mtu anamuuliza kama anataka uji, na wanafunzi waliokuja kumtazama waliheshimu neno la mwenye nyumba, wakakaa kwenye kochi wakitazama viatu vyao, ingawa ahadi yao waliikumbuka. Kwa miezi sita hakuna aliyemweleza, isipokuwa mmoja.

Asubuhi moja ya Agosti, akisukwa nywele na mkwewe mlangoni, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mgeni amemfafanulia vizuri, kuna nyumba inahamwa, vitu vinatolewa kimoja kimoja, wameanzia chumba cha nyuma, kile yanamowekwa mambo ya macho, wanaingia sebuleni, majina ya watu yanatolewa baada ya vyombo vya jikoni, na mlango utakuwa wa mwisho. Mkwewe alisuka hadi mwisho, na mchana alipokuja mwanafunzi wa udaktari, ambaye nyumbani alikuwa akiitwa Daktari Mdogo, akamsimulia, kijana akaacha kutafuna, akatoa simu, akaonyesha picha ya ubongo wa mama aliyopewa asubuhi ileile na daktari aliyempima mama Aprili, pale nyuma palipokuwa pamesinyaa kuliko kwingine kote, pale hasa ambapo macho huungana na akili, akauliza nani amemwambia, akajibiwa hakuna, akasema, "Lakini hata mimi nimeiona leo," kisha akaomba maji.

Kilichombadilisha mwanawe si picha hiyo, ni siku mama mwenyewe alipomshika kiganja mezani, tarehe 9 Oktoba, akili zake zikiwa zimetulia kama maji ya mtungini, akamwambia, "Baba, mimi sina ugomvi na wewe, ila yule ananieleza kwa sababu nyinyi mmekataa, tena kuna mahali ananiacha, nikinyoosha mkono hanirudii, na mtu asiyekurudia huwezi kumwamini, sasa kama mnataka aondoke, njooni mnieleze nyinyi." Mwanawe alitoka nje, akafungua bomba, akanawa uso muda mrefu kuliko uso unavyohitaji, akarudi, akampigia simu profesa.

Semina ya mwisho ya marehemu ilifanyika Jumatano tarehe 12 Oktoba 2022, saa kumi jioni, katika sebule ya nyumba hii, wanafunzi kumi na mmoja wakakaa kwenye viti vilivyoazimwa kwa majirani, mama akawahesabu kwa kidole, akasema kimepungua kiti kimoja, mgeni amesimama, na fundi cherehani wa jirani, ambaye alikuwa anapita tu kuangalia kama viti vimeenea, hakuuliza swali, akaenda akaleta stuli yake ya kazi na kuiweka ukutani, tena akaipangusa vumbi.

Daktari Mdogo alianza, akautaja ugonjwa kwa jina lake, mkono wa mama ukapanda, kwa mara ya kwanza katika semina baada ya mwaka na zaidi, kijana akatokwa machozi na kuanza upya, ukapanda tena, akaanza upya, mara saba alirudia, akitumia mfano wa mikate, wa vyumba, wa nyaya za umeme za mwenye nyumba, hadi mama alipouteremsha mkono na kusema kwa maneno yake, "Ubongo wangu unakufa kabla yangu, unaanzia nyuma, nitaacha kuwajua, nitaacha kula, kisha nitakwenda, na haikuletwa na kosa la mtu," na mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni asitake kuingia, akaja akakaa sakafuni miguuni pake.

Kisha mama akasema sasa anauliza pale mgeni anapomwacha, "Vitu vyote vikishatoka, nyumba ikawa tupu, anayefunga mlango ni nani, mimi au nani?", wakaanza kujaribu, wa falsafa akasema la nafsi, mkono ukapanda, wa kompyuta akasema la mashine inayozimika, mkono ukabaki juu, wa saikolojia akasema la kumbukumbu tunazowaachia wengine, mama akamwambia, "Hilo ni tamu, mwanangu, lakini hukujibu," na mkono ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kuchoka wakati Binti wa Kuku, ambaye alikuwa hajasema neno, aliposema, "Mama, hapo hatujui."

Mkono ukashuka. "Hapo nimeelewa," akasema, akageuka kuitazama stuli ya ukutani kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mwenye sauti ndogo, halafu akacheka kile kicheko chake cha zamani cha tumboni, akasema, "Kumbe na yeye hajui, ndiyo maana nikinyoosha mkono ananyamaza," akaomba mgeni apishwe njia, anaaga. Wanafunzi waliokaa karibu na mlango walivuta miguu yao ndani, wote, bila kuambiana, na fundi cherehani alipokuja kuichukua stuli yake alishika pale pa kukalia, akaondoa mkono, akasema ina joto, na kona hiyo ya sebule haipigwi na jua, jambo ambalo familia inalitaja kama lilivyotokea, bila kuongeza neno.

Baada ya siku hiyo hakuna kikombe kilichozidi wala kiti kilichosogezwa, ugonjwa uliendelea kama alivyoelezwa, majina yakatoka, vijiko vikatoka, mwisho hata maneno, lakini hakuuliza tena ana nini, na siku ambazo angeweza kuogopa alikuwa ametulia, akimshika mjukuu wake mchanga kama mtu aliyeshika kitu asichokijua jina lakini anakijua uzito. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, kitandani kwake, mwanawe mkubwa upande mmoja na binti yake upande wa pili, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka sitini na sita, na ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne na wanafunzi ambao familia haijui idadi yao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya wagonjwa wa nje, hasa muuguzi aliyekuwa akimpitishia mlango wa nyuma asisukumwe, inawashukuru majirani kwa viti, sufuria na maji, fundi cherehani aliyeshona sanda bila kuulizwa, wafanyakazi wenzake wa jengo la masomo ya juu ambao wamekifunga chumba namba kumi na nne wiki hii nzima, profesa, ambaye ameifuta ile taarifa ya mwaka na kuandika nyingine kwa mkono wake, na wanafunzi wa semina, ambao walichelewa kutimiza ahadi lakini waliitimiza, hatuna cha kuwalipa.

Neno la mwisho ni la jana alasiri, wajukuu walipouliza bibi amekwenda wapi, na mmoja wetu, kwa huruma, akataka kuwaambia amesafiri, ndipo baba yao, yuleyule aliyesema mama asiambiwe, akapiga goti sakafuni usawa wa macho yao, akawaambia bibi amekufa, maana yake hapumui na hataamka, kesho saa nane tutamzika, na baada ya hapo hatujui, mdogo akasema hajaelewa, akamwambia tena, akasema bado, akamwambia tena, hakuinuka hadi mtoto alipoyasema mwenyewe kwa kinywa chake, na sisi wengine tulisimama pale tukisikiliza.

Mama, umetusikiliza vya kutosha, sasa upumzike, tena kwa amani.